Kauli Iliyokwisha Kurekodiwa: Sauti na Dhamiri katika Michezo ya Kuigiza ya Mtandaoni

Mchezo wa kuigiza wa mtandaoni ni ule ambao maelfu ya watu, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake, huingia kwa pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika aliyemuumba mwenyewe, awe askari, mganga, mlanguzi au jasusi, na kumkuza mhusika huyo kwa miezi au hata miaka kupitia kazi anazopewa na wakazi wa ulimwengu huo, ambao wengi wao si binadamu bali ni wahusika wanaoendeshwa na programu. Asili ya michezo hii ni MUD, mchezo ulioanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, nao haukuwa na picha wala sauti, kwani kila kitu, kuanzia mlango hadi joka, kilielezwa kwa maandishi tu. Tangu hapo maswali mawili yamewagawa watunzi na wachezaji: je, wahusika wazungumze kwa sauti za waigizaji halisi, na je, mchezo unaweza kumpa mtu nafasi ya kuchagua kati ya wema na uovu kwa namna itakayomgusa kweli dhamiri? Maswali haya huzoeleka kujadiliwa kila moja kivyake, ilhali yanakula katika sahani moja, kwa sababu sauti humpa mhusika uhai ambao maandishi hayana, na papo hapo hupunguza njia ambazo mtunzi anaweza kumfungulia mchezaji.

Suala la maadili ndilo lililotangulia, na lilitangulia katika michezo ya mtu mmoja. Mwaka 1985 Richard Garriott, mtunzi aliyefanya kazi zake nyingi Texas, Marekani, alitoa Ultima IV, mchezo ambao haukuwa na adui mkuu wa kuuawa mwishoni, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kumfanya mchezaji awe kielelezo cha fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Yafaa kuangalia kwa karibu jambo moja dogo katika mchezo huo. Dawa za mitishamba zinazohitajika katika uganga huuzwa na wauzaji vipofu, ambao hutaja bei na kisha kumwacha mnunuzi aandike mwenyewe idadi ya sarafu anazoweka mezani. Mnunuzi anaweza kuweka sarafu chache kuliko bei, naye muuzaji atapokea bila kulalamika, wala hakuna onyo linalojitokeza, kengele inayolia au alama inayokatwa mbele ya macho. Mchezo unanyamaza na kukumbuka, na siku mchezaji atakapokwenda kwa mwonaji aliyeko katika kasri ya mfalme kuuliza amefikia wapi katika njia ya ukweli, ndipo atakapoelezwa kwamba bado yuko mbali. Hapakuwa na mwigizaji hata mmoja aliyelipwa kutamka neno, lakini ni vigumu kuonyesha mtego wa dhamiri uliotegwa kwa ustadi zaidi katika miaka arobaini iliyofuata.

Garriott huyohuyo na wenzake walipohamishia ulimwengu wao mtandaoni mwaka 1997, katika Ultima Online, mambo yaligeuka. Wachezaji waligundua kwamba wanaweza kuwavizia wenzao njiani, kuwaua na kuwanyang'anya mali, na mfumo wa kuwatia alama wahalifu kwa kuyageuza majina yao kuwa mekundu haukutosha kuwazuia, hata ikabidi mwaka 2000 iongezwe nakala ya pili ya nchi nzima ambamo mchezaji hawezi kumshambulia mwenzake bila ridhaa. Kisa hicho kilidhihirisha ugumu wa msingi ambao michezo ya mtu mmoja haiujui. Katika mchezo wa mtu mmoja, kijiji kikichomwa moto kinaweza kubaki majivu hadi mwisho wa hadithi. Katika ulimwengu unaotumiwa na maelfu, kijiji hichohicho lazima kiwe kimesimama tena mchezaji mwingine atakapofika baada ya dakika mbili, maana naye amekuja na uamuzi wake. Uovu dhidi ya mchezaji mwenzako una mtu halisi wa kuumia. Uovu dhidi ya mhusika wa programu hauachi kovu katika ulimwengu, kwa hiyo watunzi walilazimika kutafuta mahali pengine pa kuuwekea uzito.

Mahali walipopafikiria ni sautini. EverQuest II, uliotoka mwaka 2004, ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina hii kuwapa sauti wahusika wengi wa programu, na watawala wake wawili waliigizwa na Christopher Lee na Heather Graham, waigizaji wa sinema wenye majina makubwa. Mchezaji mwenyewe, hata hivyo, alibaki bubu. Hatua iliyobaki ilichukuliwa na kampuni ya BioWare, ambayo tarehe 20 Desemba 2011 ilitoa Star Wars: The Old Republic, mchezo unaotokana na sinema mashuhuri za vita vya angani, ambamo kila mazungumzo yalirekodiwa na kila mchezaji alisikia mhusika wake akizungumza. Kampuni hiyo ilikuwa ikieleza kwamba michezo ya mtandaoni imekuwa ikisimama juu ya nguzo tatu, yaani upelelezi wa ulimwengu, mapigano na ukuzaji wa mhusika, na kwamba yenyewe inaongeza nguzo ya nne, ambayo ni hadithi. Zaidi ya kauli 200,000 zilirekodiwa, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikautambua kuwa kazi kubwa kuliko zote ya kuingiza sauti katika burudani.

Ukubwa huo unaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu ndogo. Mchezo ulikuwa na fani nane za mhusika za kuchagua, nne za upande wa Jamhuri na nne za upande wa Dola, na kila fani ilihitaji sauti mbili, ya kike na ya kiume, ili mchezaji awe na hiari ya jinsia. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sauti nane za wachezaji. Katika mazungumzo yanayotumiwa na wachezaji wote wa upande mmoja, ambapo kwa kawaida hutolewa majibu matatu ya kuchagua, zamu moja tu ya mchezaji kusema ingehitaji rekodi 24, na kwa kuwa mchezo ulitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, idadi hiyo hufika 72, kabla ya kuhesabu kauli hata moja ya yule anayejibiwa. Si ajabu basi kwamba wachezaji makini waligundua mara kwa mara kuwa majibu mawili yaliyoandikwa tofauti kwenye skrini huishia katika rekodi moja, mhusika akitamka sentensi ileile lolote lililobonyezwa. Anayedhani anachagua, mahali hapo, anachaguliwa.

Pamoja na hayo, BioWare ilibuni katika mchezo huo jambo ambalo, kwa kupima yote, ndilo mchango wake mkubwa kwa mjadala wa maadili, nalo ni mazungumzo ya kikundi. Mfano unaojulikana na karibu kila mchezaji wa upande wa Dola ni safari ya chombo kinachoitwa Black Talon. Wachezaji, hadi wanne, ni abiria wa chombo hicho wakati amri inapotoka kwa mkuu wa kijeshi kwamba kiende kushambulia meli ya Jamhuri. Nahodha, akijua kuwa chombo chake hakina ubavu wa kupambana nayo, anakataa kuwapeleka mabaharia wake kwenye kifo. Wachezaji wanaiteka sehemu ya uongozi, nahodha anasimama mbele yao, na kila mmoja anatakiwa achague upesi kama auawe kwa uasi wake au aachwe hai aendelee na kazi. Uamuzi haufikiwi kwa majadiliano wala kwa kura. Kila mchezaji anapochagua jibu, programu humrushia kete, naye aliyepata namba kubwa ndiye mhusika wake anayejitokeza mbele ya kamera na kutamka, na alilotamka ndilo linalotendeka.

Sauti hapo inafanya kazi ambayo maandishi yasingeiweza. Mchezaji aliyechagua kumwacha nahodha hai anaona kete imemwangukia mwenzake, anasikia sauti ya mtu mwingine, mara nyingi tulivu na yenye majivuno ya kiofisa, ikitoa hukumu ya kifo, na analazimika kusimama pale kama shahidi hali mhusika wake akiwa kwenye picha hiyohiyo. Kinachofuata ni cha ajabu zaidi. Mchezo unampa kila mmoja alama za maadili kulingana na alichochagua, si kulingana na kilichotokea, hivi kwamba aliyetaka rehema anapata alama za Upande wa Nuru hata kama nahodha amekwisha kuanguka chini. Bila kukusudia, pengine, watunzi walikuwa wameingia katika suala ambalo wanazuoni wa sheria na dini wamelijadili kwa karne nyingi, la kama mtu anahesabiwa kwa nia yake au kwa tendo lake, na walikuwa wamejibu kwa upande wa nia. Jibu hilo lina mashiko. Kasoro yake ni kwamba safari inaendelea vilevile, kwani nahodha akifa ofisa mwingine anashika nafasi yake, meli inashambuliwa, na mwisho unakuwa uleule.

Alama hizo ndizo zilizoharibu mengi. Upande wa Nuru na Upande wa Giza katika mchezo huo ni mizani ya namba, na mchezo ulipotoka baadhi ya vifaa vya vita vilifungwa kwa namba hizo, kwa maana kwamba havivaliki mpaka mhusika awe amefikia daraja fulani la nuru au la giza. Mchezaji aliyepima kila jambo kwa uzito wake, akasamehe hapa na kuadhibu pale, alijikuta katikati ya mizani bila kifaa chochote, wakati aliyechagua giza kila mara bila hata kusikiliza alilipwa vizuri. Alama ndogo iliyojitokeza kando ya jibu ilikwisha kumweleza kila mtu jibu lipi ni la nuru na lipi ni la giza kabla hajafikiri. Aliyezama gizani alibadilika ngozi, mishipa ikajitokeza usoni na macho yakageuka rangi, lakini baadaye aliwekewa hiari ya kuificha sura hiyo ili asipoteze urembo. Mwishoni mwa mwaka 2016 mfumo ulibadilishwa tena, mchezaji akapewa swichi ya kuchagua upande anaotaka kujilimbikizia alama kwa kazi zake zote. Mtu akikumbuka muuzaji kipofu wa mwaka 1985, aliyekuwa hasemi kitu na hasahau kitu, ataona umbali uliosafiriwa na ataona pia kwamba haukuwa wa kwenda mbele.

Kuna jambo jingine linalohusu kauli yenyewe. Katika maisha neno likishatoka kinywani halirudi, na hapo ndipo penye uzito wa kusema; katika mchezo huu mchezaji aliyesikia mhusika wake akitamka jambo asilolipenda aliweza kubonyeza kitufe kimoja, mazungumzo yakakatika, na akaanza upya kama ambaye hakusema kitu. Hali hiyo ilitokana kwa sehemu na namna majibu yanavyoandikwa, kwani skrini huonyesha muhtasari wa maneno machache tu, utaratibu ulioenezwa na BioWare hiyohiyo katika Mass Effect ya mwaka 2007, na muhtasari uliosomeka kama mzaha mpole ungeweza kutoka kinywani kama tusi. Wanaopinga mchezaji kupewa sauti huanzia hapo. Hoja yao ni kwamba mhusika aliyeumbwa na mchezaji ni wake, na mwigizaji akishatia hasira, kejeli au upole wake mwenyewe ndani ya sentensi, amekwisha kumwamulia mchezaji nia, jambo ambalo ndilo kiini cha tendo la kimaadili.

Watunzi wa The Elder Scrolls Online, uliotoka Aprili 2014, walifuata njia ya katikati. Wahusika wote wa programu wana sauti, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo Michael Gambon, John Cleese, Bill Nighy na Kate Beckinsale, lakini mchezaji husoma jibu lake kwa ukamilifu na kulitamka moyoni tu. Final Fantasy XIV ya Japani nayo imemwacha shujaa wake kimya. Anayewapa sauti wengine na kumnyima mchezaji, inavyoelekea, ndiye aliyeelewa mambo vizuri zaidi, maana anayeomba msaada au rehema akisikika kama mtu, ombi lake lina uzito, ilhali anayejibu hahitaji kuambiwa sauti yake mwenyewe inalia vipi. Wasikilizaji wa Redio Tanzania waliofuatilia mchezo wa Twende na Wakati tangu mwaka 1993 wanaijua nguvu hiyo, kwani Mkwaju, dereva wa lori asiyejali ndoa yake wala afya yake, aliingia majumbani kwa sauti tu na akahukumiwa jikoni na vibarazani kama jirani. Tofauti ni kwamba hakuna msikilizaji aliyeulizwa Mkwaju afanye nini.

Mfano unaothibitisha kwamba sauti si sharti la uzito wa maadili ulitokea mwaka 2008, World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard, ulipotoa sehemu yake iitwayo Wrath of the Lich King. Katika kazi mojawapo iliyoandikwa kwa maandishi tu, wachawi wa chama chenye heshima wamemkamata adui na wanahitaji habari kutoka kwake, lakini kanuni zao zinawakataza kumtesa. Wanamkabidhi mchezaji chombo cha kutia maumivu, wakimweleza kwa adabu kwamba yeye, kwa kuwa ni mtu wa nje, hafungwi na kanuni hizo. Mchezaji anakitumia mara kadhaa hadi mateka anasema. Hakuna jibu la kukataa, hakuna mhusika mwingine wa kumwendea kushtaki, na asiyetaka hana la kufanya ila kuiacha kazi hiyo. Richard Bartle, yuleyule wa MUD, alipinga hadharani, na hoja yake ilieleweka vibaya na wengi waliodhani anataka mateso yasionyeshwe kabisa, wakati alichokosoa ni kuwekwa kwa kitendo kama hicho bila nafasi yoyote ya mchezaji kukisaili. Unafiki wa wachawi wale umeandikwa kwa ufundi. Pengo ni kwamba hakuna aliyeachiwa mlango wa kuwaambia hivyo.

Mtindo wa kila kitu kwa sauti ulikuja kuyumba kwa sababu za kifedha. Novemba 2012, kabla mwaka haujaisha tangu utoke, mchezo wa BioWare ulilazimika kuruhusu watu kucheza bila ada ya kila mwezi, na sehemu kubwa iliyotoka Oktoba 2015 iliacha utaratibu wa hadithi nane tofauti, moja kwa kila fani, na kufuata hadithi moja kwa wote. Katika baadhi ya mazungumzo ya sehemu hiyo mchezaji alirudi kuwa bubu. Kulikuwa tayari na mbinu ya kubana matumizi, ya kuwafanya viumbe wa sayari za mbali waongee lugha za kubuni ili rekodi chache za maneno yasiyo na maana zitumike tena na tena chini ya tafsiri tofauti, na mchezaji wa siku nyingi huzijua sentensi hizo kwa moyo. Fallout 76, mchezo mwingine wa mtandaoni, ilivuka mpaka mwaka 2018 kwa kutoka bila binadamu hai hata mmoja wa programu, ikiwa na maroboti na kanda za sauti za waliokufa; kanda hizo ziliigizwa vizuri, ila hakuna mtu anayeweza kumkosea au kumsamehe mtu aliye kwenye kanda, na Aprili 2020 binadamu walirudishwa.

Gharama ya sauti ina sura nyingine inayowahusu wasemaji wa lugha ambazo soko la michezo haliziangalii. Maandishi hutafsiriwa kwa bei nafuu, sauti haitafsiriwi ila kwa kuwaita waigizaji wapya studioni, na ndiyo maana The Elder Scrolls Online ilipoongezewa Kirusi mwaka 2020 na Kihispania mwaka 2022, lugha hizo mbili kubwa zilipewa maandishi peke yake huku masikio yakibaki na Kiingereza. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anayeingia katika michezo hii huamua maisha ya nahodha kwa lugha ya darasani, akisoma upesi asipitwe na kete. Kadiri michezo inavyojengwa juu ya sauti, ndivyo Kiswahili kinavyozidi kuwa mbali nayo.

Wachezaji nao wana dhambi zao. Katika safari za kikundi, waliokwisha kuzipita mara nyingi humwamrisha mgeni abonyeze kitufe cha kurusha mazungumzo, na asiyetii, kwa sababu tu anataka kusikiliza hadithi aliyoilipia, huweza kufukuzwa kundini. Kufukuzwa huko hakumpi mtu alama yoyote ya giza, ingawa ni miongoni mwa matendo machache katika mchezo ambayo mtendwa wake anaumia kweli. Kinyume chake pia hutokea. Mwigizaji Lance Reddick alipofariki Machi 2023, wachezaji wa Destiny 2, mchezo wa mtandaoni wa kupiga risasi, walikusanyika mbele ya kamanda Zavala, mhusika aliyempa sauti kwa miaka mingi, wakapiga saluti. Hakuna mtunzi aliyeiandika kazi hiyo wala programu iliyoitoza au kuilipa.

Siku hizi hoja ya maadili imehama kutoka kwa mchezaji na kumfikia mwigizaji. Tarehe 26 Julai 2024 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kiliitisha mgomo dhidi ya kampuni kubwa za michezo ya video, sababu kuu ikiwa ni akili unde, yaani programu zinazoweza kujifunza sauti ya mtu na kuifanya iseme maneno ambayo mwenyewe hakuyatamka. Michezo ya mtandaoni iliguswa kwa namna yake, kwa kuwa haiishi, hutoa hadithi mpya kila baada ya miezi michache, na katika kipindi hicho baadhi ya wahusika waliozoeleka kuongea walirudi ghafla kwenye maandishi. Kwa kampuni, kivutio cha teknolojia hiyo ni dhahiri: zile rekodi 72 za zamu moja zingetoka mashineni, na mtunzi angeweza kufungua njia nyingi kadiri apendavyo bila kuhesabu saa za studio. Hoja ya kwamba sauti hubana uchaguzi ingekuwa imeondolewa, ila kwa kumwondoa pia mtu aliyekuwa akiibeba.

Mgomo ulisitishwa Juni 2025 na mkataba mpya ukapitishwa na wanachama mwezi uliofuata. Mkataba huo unataka ridhaa ya mwigizaji na maelezo ya matumizi kabla nakala ya sauti yake haijatengenezwa, na unampa haki ya kuisimamisha ridhaa hiyo kwa maneno mapya wakati wa mgomo, maana yake ni kwamba hata sauti iliyomo mashineni inaweza kugoma pamoja na mwenyewe. Kauli zilizokwisha kurekodiwa zinaendelea kusikika katika ulimwengu wa mchezo kwa muda wote seva zitakapokuwa zinawaka; atakayetakiwa kumhukumu nahodha mpya, ama asikilize, ama asome.